Heko kwa Kilichochapa

Katika Kiswahili cha Kenya ni shida kupata kitenzi kinachotumwa huku na huko kama kuchapa. Shuleni mtoto alichapwa hadi viboko vilipopigwa marufuku mwaka 2001, kitabu huchapwa mpaka leo, na mwenye bidii husifiwa kwamba anachapa kazi. Mtaani kitenzi hicho hicho kina kazi ya ziada: kiatu kimechapa, gari limechapa, mtu mwenyewe amechapa. Yaani kimechakaa, kimepauka, kimepoteza umbo, na bado kinatumika. Hilo la mwisho ndilo sharti. Kilichokufa kabisa hakiitwi hivyo.

Makao ya heshima ya neno hili ni Kericho na Bomet, kwa kuwa chai haina urafiki na nguo mpya. Asubuhi majani yamejaa umande, alasiri mvua inashuka, wakati mwingine ya mawe. Vijiti vya mchai hunasa nyuzi za sweta, na maji ya jani huacha doa jeusi lisilosikia sabuni. Mchumaji hujifunga nailoni kiunoni, akavaa gambuti, na juu yake koti.

Koti hilo lastahili wimbo. Lilifika kutoka ng'ambo kwenye mtumba, na chapa ya kampuni shingoni. Likavaliwa kanisani, likashushwa cheo hadi sokoni, likaishia shambani. Sasa chapa imefutika na koti limechapa: kifungo cha tatu ni cha rangi nyingine, kiwiko kina kiraka cha jinzi, na mfuko wa kushoto umetoboka hivi kwamba sarafu hutafutwa kwenye upindo.

Faida zake? Mwizi halitamani. Muuza mitumba wa Litein akiliona, bei hushuka kabla hajaombwa. Tena Oktoba, bonasi ya KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai, inapoingia, jamaa wengi hukumbuka ghafla namba za simu za wakulima. Aliyevaa koti hilo huonekana kama mtu anayedaiwa na dunia nzima, wakamwacha na hela zake.

Probox iliyochapa nayo isisahaulike. Kioo hakishuki, mlango wa nyuma hufunguliwa kwa nje tu, na abiria wamepakatana. Lakini ndiyo inayopanda tope la Konoin siku ambayo gari jipya limeachwa nyumbani lisichafuke.

Wenye dharau waende kiwandani. Jani bichi linalong'aa hutandazwa na kupulizwa hewa kwa saa kadhaa hadi linyauke, kisha mashine hulikata, kulirarua na kulikunja, halafu huachwa ligeuke kahawia kabla ya kukaushwa. Kilo 4.5 hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu. Kwa hiyo Kericho imekuwa ikichapisha majani tangu miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba yao (wachapishaji wa vitabu watuwie radhi), na wanywaji wa London na Karachi hulipa bila kulalamika kwamba jani limechapa.

Mgeni ajue adabu moja tu. Kiatu, gari na barabara huambiwa vimechapa mchana kweupe, na vijana wa rika moja huambiana hivyo wakacheka. Mama anayetoka kuchuma chai, hata koti lake liweje, huambiwa "Chamgei", salamu ya Kikalenjin, kisha "Pole na kazi".