Imeuliza Yote, Ikanificha Moja

Watu wenye akili zao huandika kwa Word. Mimi naandika kwa Vim, na nimeshazoea kutazamwa. Kwa asiyeijua, Vim ni kihariri cha matini: hakuna mapambo, hakuna kuchagua sura ya herufi, ni maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, na kila kitu kinafanywa kwa vibonye. Kushuka mstari ni j, kupanda ni k. Tabia hiyo imerithiwa kwa vi, kihariri alichokiandika Bill Joy pale Berkeley, California, mwaka 1976, akitumia terminali ya ADM-3A ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Terminali hizo siku hizi utazikuta kwenye makumbusho. Kibodi yangu ina vibonye vinne vya mishale, vizima kabisa, na mimi bado nabonyeza j.

Sababu ninazo. Laptopu yangu ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo, na Vim ni miongoni mwa programu chache ambazo inazifungua bila kuguna. Halafu tangu toleo la 7, mwaka 2006, Vim inakagua tahajia, na Kiswahili kimo. Kubwa zaidi, hainimalizii sentensi. Siku hizi ukiandika "Ndugu mhariri" kwenye programu nyingine, inakuandikia barua nzima ya kuomba kazi.

Kasoro yake ilikuwa moja tu: Vim iliyokuja na Debian yangu, aina ya Linux ninayotumia, haikuwa na habari na klipubodi. Unaandika safu, unaipenda, unataka kuipeleka kwenye barua pepe ya mhariri, haitoki. Ndani ya Vim unanakili unavyotaka. Ukihamia kwenye kivinjari ukabandika, kinatoka kile ulichonakili asubuhi, namba ya mita ya Luku. Njia iliyobaki ni kushika panya na kuburuta juu ya skrini, nayo inachukua kile kinachoonekana tu, kwa hiyo unaburuta, unabandika, unateremsha, unaburuta tena. Na kwa kuwa napenda kuona namba za mistari pembeni, panya alikuwa anazibeba nazo. Mhariri akanipigia simu kuuliza kama siku hizi naandika mashairi.

Nikamlalamikia kijana wa dada yangu, ambaye ndiye fundi wa ukoo. Hakuinua uso kwenye simu yake.

"Anko, hiyo Vim yako imepunguzwa. Kompaili ya kwako."

"Niikompaili vipi?"

"Sosi kodi si iko bure? Unashusha, unapiga configure, unapiga make. Basi."

Hilo "basi" ndilo lililonileta kwenye ukurasa huu.

Kushusha sikulalamiki. Niliagiza msimbo wa sasa peke yake bila historia yake, maana historia ya miaka mingi nayo inakula bando. Kisha nikaingia kwenye saraka, nikaandika ./configure, na kwa kuwa vitu vya bure havinyimani, nikaongeza --with-features=huge, yaani nipewe karibu kila kilichomo. Nikabonyeza Enter. Maswali yakaanza.

Ieleweke kwamba hati hii ya configure haikuandikwa na mtu mstari kwa mstari. Ni maelfu ya mistari iliyozalishwa na programu nyingine iitwayo Autoconf, aliyoianzisha David MacKenzie mwaka 1991. Na chanzo cha yote ni ugomvi wa wakubwa. Unix ilizaliwa Bell Labs mwaka 1969, lakini ilipofika miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na Unix yake: Sun wana SunOS, IBM wana AIX, HP wana HP-UX, DEC wana Ultrix, Silicon Graphics wana IRIX. Huyu kazi fulani kaiweka kwenye faili ya string.h, yule kwenye strings.h, na programu iliyojengeka kwa huyu inagoma kwa yule. Ndipo likaja wazo kwamba kabla ya kujenga chochote, mashine ihojiwe kwanza.

Na mahojiano si ya maneno. Hati inaandika kijiprogramu cha mistari michache kwa lugha ya C, inakijenga, na kikijengeka inaandika "ndiyo", kisha inakifuta na kuandika kingine. Namna hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilishawahi kukaa upande wa mwoaji siku ya posa, nikasikia wazee wakiuliza ukoo wa bibi mzaa bibi, na bado nasema wazee wale walikuwa wapole.

Je, kompaila ya C, ile inayogeuza sosi kodi kuwa programu, ipo? Ipo. Inafanya kazi? Inafanya. Namba ya int ni ya baiti ngapi? Nne. Mashine hii ni QNX? Hapana. Ni Mac? Hapana. Ni z/OS, ule mfumo wa mitambo mikubwa ya IBM? Laptopu ya Kariakoo, jamani! Hapana. Je, herufi zake ni za EBCDIC, mpangilio wa IBM wa miaka ya 1960? Hapana. Ikauliza kama toupper, ile kazi ya kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa, imeharibika. Haijaharibika. Sikuwa najua kwamba inaumwa. Ikauliza memmove inafanyaje ikipewa kuhamisha vitu vilivyolaliana. Swali nililolipenda ni lile la tgetent, kazi ya kutafuta taarifa za terminali: ikitajiwa terminali isiyoijua, inajibu nini? Inajibu sifuri. Ningefurahi kama maofisa wetu fulani wangekuwa na uungwana huo, ukiwauliza wasichokijua wakajibu sifuri badala ya kukuambia urudi Jumatatu.

Nimeruka jambo. Kabla ya kufika huko kwa tgetent, mara ya kwanza hati ilisimama katikati ya safari na kupaza sauti: tgetent haipo! Unahitaji maktaba ya terminali, kwa mfano ncurses, na kama uko kwenye Linux kifurushi chake kinaitwa libncurses-dev. Hapo, kusema haki, niliheshimiwa. Nimeambiwa kinachokosekana, nimepewa jina lake, nimeelekezwa dukani. Nikakifunga hicho kifurushi, nikarudia, na safari hii ikaenda mpaka mwisho bila kelele.

Kutokuwa na kelele nikakuchukulia kuwa ni baraka. Nikapiga make, amri ya kuijenga programu yenyewe. Gcc, ndiyo kompaila, ikaanza kumwaga mistari mirefu isiyosomeka, feni ikavuma, laptopu ikapata joto la kupigia pasi, na mke wangu akapita akauliza kama ile kazi inalipa. Ikaisha. Nikapiga sudo make install, nikaifungua Vim mpya, nikanakili aya moja, nikaenda kwenye kivinjari, nikabandika.

Namba ya mita ya Luku.

Kuna amri ya kuiuliza Vim imejengwa na nini: vim --version. Inakutolea orodha ndefu ya uwezo, na kila neno lina alama mbele yake, kujumlisha kama upo, kutoa kama haupo. Nikasogeza uso. Kujumlisha, kujumlisha, kujumlisha, uwezo wa kuandika Kiarabu kuanzia kulia upo... na pale, katikati ya wenzake, -clipboard. Kijistari kimoja chembamba.

Nikarudi kupekua kumbukumbu za mahojiano, faili ya config.log, na humo nikaikuta kesi yangu. Klipubodi kwenye Linux yangu ilihitaji X11, mfumo wa madirisha wa Unix uliotoka mwaka 1987. Hati ilikuwa imeutafuta. Ikauliza kama faili za X11 zinaonekana, ikajijibu hapana, ikasonga mbele kuuliza mengine. Hiyo hapana ilikuwa imepita mbele ya macho yangu, ila iliandikwa kwa herufi zilezile, kwa sauti ileile, na ile hapana ya QNX na ile hapana ya z/OS. Hapana ya kitu nisichokihitaji maisha yangu yote na hapana ya kitu pekee kilichonileta pale, zimepangwa foleni moja, hakuna hata alama ya mshangao.

Na hiyo X11 yenyewe ilikuwepo. Skrini niliyokuwa nasomea neno "hapana" ilikuwa imechorwa na X11! Kilichokosekana ni faili ndogo za .h ambazo kompaila huzisoma, na hizo zimefungwa kwenye kifurushi cha pembeni, libxt-dev. Mwenye nyumba yumo ndani anapika, lakini kwa kuwa kitambulisho chake kiko kwenye suruali nyingine, imeandikwa kuwa nyumba haina mtu.

Nikafunga libxt-dev, nikapiga ./configure upya. Hapana. Sasa hii ni ipi? Hii ni kwa sababu configure ya Vim ina tabia ya kuweka majibu yake kwenye faili ya config.cache ili isihangaike kuuliza tena. Kuhusu EBCDIC mnaweza kuniuliza kila siku, lakini hili moja lililobadilika mmelikariri. Dawa yake ni make distclean, inayofuta kila kitu pamoja na kumbukumbu hizo, halafu unaanza upya tangu kwenye kompaila ipo au haipo.

Lakini kilichonimaliza nguvu nilikikuta nilipoandika ./configure --help. Kwenye orodha ya machaguo lipo moja linaloitwa --enable-fail-if-missing. Ukiliweka, hati inasimama pale kitu ulichokiomba kwa jina kinapokosekana. Kwa maneno mengine kuambiwa ukweli ni huduma, na huduma hiyo inaombwa. Nikapandisha juu kuangalia mwanzo wa mahojiano, na kweli, katika mistari ya mwanzo kabisa, kabla hata mambo hayajachanganya, ilikuwa imeuliza kama chaguo hilo limewekwa. Hapana. Yaani iliuliza kama ningependa kuambiwa pakiwa na tatizo, ikajijibu kwa niaba yangu, ikaendelea.

Ningependa kumlaumu mtu. Hapo napo pagumu. Vim ni kazi ya Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa kwa umma mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, mji mdogo kusini mwa Uganda karibu na mpaka wetu, akafanya kazi ya maji na usafi katika eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Tangu hapo aliomba anayeipenda programu yake achangie kituo cha watoto cha Kibaale. Kwa miaka mingi ukifungua Vim bila faili, ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda lilikuwa linakukaribisha kwenye skrini. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Sasa mtu wa namna hiyo unaanzaje kumgombeza kwa sababu ya kijistari?

Basi nikabaki na mpwa wangu. Vim ilipokubali hatimaye, klipubodi ikiwa na alama yake ya kujumlisha, nilimwita aje aone. Akaangalia, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hongera, Anko. Ila kwa klipubodi tu ungefunga vim-gtk3. Iko tayari kwenye Debian, amri moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nikamtazama nikaona ni mtoto wa configure huyu.

Kwa hiyo msomaji mwenye Debian au Ubuntu, shida yako ikiwa ni klipubodi peke yake: sudo apt install vim-gtk3, ukalale. Unayeng'ang'ania kujenga ya kwako, omba unachokitaka kwa jina, anza na --enable-fail-if-missing, na kabla hujamwita mtu yeyote kuja kuona, ipige kwanza vim --version ukaangalie zile alama. Na ukiwa na mpwa fundi, muulize yote.