Ufunguo wa Kutambua Miti ya Mtaani kwa Makovu Yake

Tangu Carl Linnaeus alipochapisha Species Plantarum mwaka 1753, wanabotania wametuhimiza tuutambue mmea kwa ua lake. Yeye mwenyewe alihesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, akaipanga mimea kwa hesabu hiyo. Msomi wa wakati wake, Johann Siegesbeck, alilalamika kwamba huo ni uchafu. Jina la mlalamikaji huyo Linnaeus alilipachika kwenye gugu moja linalonata, na wanabotania hadi leo wanalisimulia kama kisasi. Ikiwa elimu imeweza kustahimili hayo, itastahimili na mfumo ninaoupendekeza hapa.

Shida ya ua ni kwamba haliko. Ukiuacha mkrismasi, ambao kila Desemba hujitangaza kwa wekundu hata kwa asiyeuliza, miti mingi ya Dar es Salaam haina la kumwonyesha mpita njia. Majani nayo yako juu. Kilichopo usawa wa macho ni shina, na shina la mtaani limejaa kumbukumbu: misumari, makovu ya panga, kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo nimeigawa miti kwa kigezo kimoja tu: imefanywa nini na binadamu.

Familia kubwa kuliko zote ni Mibanduliwa. Sifa yake ni gome lililochunwa kuanzia gotini hadi begani, hasa upande usioonekana kutoka barazani kwa mwenye mti. Mwanafunzi akikuta kovu la namna hiyo aandike mwarobaini, kisha ahakiki. Achukue kijani kimoja kati ya vile vilivyojipanga pande mbili za kikonyo. Kingo zake zina meno ya msumeno, nacho kimepinda, nusu moja nyembamba kuliko nusu ya pili, hata ukikikunja katikati pande hazikutani. Hatua ya mwisho ni kukitafuna. Uso ukikunjamana wenyewe, spishi imethibitishwa. Mti huu ulitoka Asia ya Kusini, na kila nyumba ya hapa ina orodha yake ya maradhi arobaini unayoyatibu. Orodha mbili zinazolingana bado hazijakusanywa.

Mbuyu nao umo katika familia hii, ila ukichunwa huotesha gome jipya, hivyo kovu lake huwa laini na la zamani. Mjohoro, ambao wanaoanza huuchanganya na mwarobaini, haumo kabisa. Vijani vyake havina meno, maua yake ni ya njano, maganda ya mbegu ni bapa, na hakuna anayehangaika na gome lake. Wenyewe hukatwa kuni, ukachipua, ukakatwa tena. Kwa hiyo ukikuta kisiki chenye fimbo nyingi zilizonyooka, usipoteze muda kutafuta ua. Mlonge hutambulika kwa mbegu yenye mabawa matatu, na kwa kukosa matawi ya chini tangu majirani wasikie habari zake.

Familia ya Mikaliwa haitazamwi juu, hutazamwa chini. Ardhi imekanyagwa ikawa ngumu, nyasi hakuna, benchi lina mguu mmoja wa tofali. Mkungu hutoa matawi ya mlalo kwa tabaka, ghorofa juu ya ghorofa, na majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Mama ntilie anayefagia mara mbili kabla ya saa nne yuko chini ya mkungu. Mwembe unajulikana kwa bodaboda. Kijiwe kikisogea hatua kumi ifikapo Desemba bila mtu kufukuzwa, huo ni mwembe na maembe yameiva. Mkwaju una vijani vidogo vingi vinavyofumba usiku. Linnaeus aliupa jina la kisayansi linalousema wa India, ingawa asili yake ni Afrika. Kosa hilo lipo vitabuni hadi leo, na watu wanaendelea kukaa chini yake.

Mwashoki umenisumbua. Umesimama wima, mwembamba, majani yenye kingo za mawimbi yakining'inia, na kivuli chake kinatosha yeye mwenyewe. Hauna msumari, hauna benchi, gome zima. Nimeuainisha kwa kutokuwepo: hupatikana kando ya ukuta wenye geti, na mlinzi wa geti hilo huwa amekaa chini ya mwembe wa jirani.

Mipigiliwa, yaani miti yenye misumari, nitaipita haraka, kwa sababu kibao cha mganga humtambulisha mganga tu. Ila mmoja wao, mvinje wa ufukweni, unahitaji onyo: si msonobari. Ile inayoonekana kuwa sindano ni kijiti. Kivute taratibu kitaachia kwenye kifundo, na pale kwenye kifundo utaona meno madogo yamezunguka. Hayo ndiyo majani.

Wakosoaji watasema mfumo wangu hautadumu. Nawakumbusha kwamba mwaka 2005 wanabotania walikutana Vienna, wakaamua jina Acacia libaki na miti ya Australia, na migunga yetu ikawa Vachellia na Senegalia bila twiga hata mmoja kuulizwa. Kovu la panga halipigiwi kura.

Imebaki Mishuhudia, familia ya vichaka vya mpakani. Kilimanjaro ni masale, ambayo pia hutumika kuombea msamaha, jambo la manufaa kwa mmea unaopandwa kati ya majirani. Kwingineko ni mnyaa, shahidi pekee wa kesi ya shamba asiyedai nauli. Shina nene huashiria mpaka wa zamani, na shina jembamba lililosimama mstari mpya huashiria jirani aliyeamka mapema. Vijiti vyake ni vya kijani, mviringo, unene wa penseli, majani yake madogo hayakawii kudondoka, na ukikivunja kijiti hutoka utomvu mweupe. Utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kukuondolea uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Atakayehakiki spishi hii avunje kijiti mkono ukiwa mbali na uso, na asijifute jasho kabla ya kunawa.