Asilimia Mia, Bado Kidogo

Ukitaka kuwaona watu wenye subira, usijisumbue kwenda kanisani wala msikitini. Nenda Moshi mjini, ofisi yoyote yenye dirisha la kioo, siku ambayo sistimu “inafanyiwa matengenezo”. Utawakuta kwenye benchi, bahasha mkononi, wametoka Kibosho, Uru na Mwika kwa gari la alfajiri, wanautazama ukuta. Mkulima wa kahawa amezoea: malipo ya awali haya hapa, ya pili ngoja mnada. Kusubiri anakujua.

Mimi simo. Mimi nauliza.

Majuzi niliteremka kufuatilia taarifa ya akiba yangu kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, maana hela zangu bado zimo humo. Binti wa dirishani akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, nikaitikia marahaba, akaniambia sistimu iko kwenye matengenezo, bado kidogo. Kidogo kiasi gani? Akageuka kumwuliza mtu wa ndani. Kila ofisi ina mtu wa ndani, hujawahi kumwona, unasikia sauti tu. Sauti ikasema: “Imefika asilimia mia.”

“Basi nihudumie.”

“Bado, mzee.”

Nikanywa uji wa mama wa pale nje, nikasoma gazeti la jana mpaka matangazo ya vifo, nikarudi. Asilimia mia. Bado. Mzee wa Old Moshi niliyeketi naye akanishika mkono, “Meku, acha kuuliza, utaichelewesha.”

Sasa mimi nina mpwa ambaye ugali wake unatokana na kazi hizi za kanzidata. Nikampigia palepale, simu nikaiweka sauti ya nje ili mtu wa ndani naye afaidike. Mpwa akauliza ni kanzidata gani. PostgreSQL. Wamepiga amri gani? Sauti ikajibu kwa unyonge: VACUUM FULL. Mpwa akacheka mpaka simu ikakatika.

Alipopiga tena alinieleza. Kumbe PostgreSQL ukiiambia ifute mstari, haiuondoi hapo hapo. Ukirekebisha salio, mstari wa zamani unabaki umekufa palepale na mpya unaandikwa. Watu wakiweka na kutoa msimu mzima, jedwali linajaa mistari mifu, ndipo inakuja VACUUM kufagia. Na ufagiaji wa kawaida, nisikilize vizuri, haumfukuzi mteja! Unaendelea huku watu wanahudumiwa, tena kuna sehemu ya programu inayoufanya yenyewe bila kuombwa. Anayefunga mlango ni huyo FULL. Yeye analiandika jedwali zima upya, na mpaka amalize hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata kusoma tu. Ndiye waliyemfungulia saa nne asubuhi, siku ya malipo.

Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni hii asilimia.

Tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, PostgreSQL ina jedwali maalumu la kufuatilia ufagiaji unavyokwenda, na toleo la 12 la 2019 likaleta la huyu FULL na la kujenga faharasa, ile orodha ya kutafutia mistari haraka. Ukiliuliza linakujibu: niko hatua gani, jedwali lina bloku ngapi, nimepitia ngapi. Bloku moja kwa kawaida ni kilobaiti 8. Kuhusu saa ya kumaliza, halisemi neno. Asilimia nayo haimo. Hiyo anaitunga mtu wa ndani, anagawanya bloku alizopitia kwa bloku zote. Zikiisha, kwake ni mia. Kumbe baada ya hapo faharasa zote za jedwali zinajengwa upya, moja baada ya nyingine, na muda wote huo hesabu ya bloku imeganda.

Hili jambo wapagazi wetu wa Mlima Kilimanjaro wanalijua bila kompyuta. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900, kambi ya Kibo kama 4,700, Uhuru 5,895. Mgeni akifika Kibo amekwisha kupanda asilimia 70 hivi ya kimo. Mwambie imebaki 30 tu, halafu mtazame usiku wa manane kabla ya Gilman's Point, anavyomwita mama yake kwa lugha yao. Kiongozi wa msafara mwenye akili hataji asilimia. Anakwambia mko wapi.

Nilipokuwa nayasema haya kwa sauti yangu ya Kibosho, mkubwa wa ofisi akatoka. Akasikiliza kidogo, akatoa amri: zima, washa. Mpwa kwenye simu akapiga ukelele, “Mjomba, wasizime!” Wakazima. Baada ya muda mfupi dirisha likafunguka, tukahudumiwa wote, na benchi zima likampongeza bosi kwa uongozi thabiti. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba FULL ukimkatiza njiani nakala yake mpya inatupwa, jedwali linabaki na mistari mifu yake yote, na siku akirudi anaanza bloku ya kwanza.

Na atarudi. Kwa hiyo namwomba mtu wa ndani, ambaye najua anasoma gazeti saa za kazi: ufagiaji wa kawaida uache ujiendeshe. FULL ukilazimika, mpige Jumapili, sisi tuko kanisani na baadaye kwenye mbege. Ukikwama, asilimia zako kaa nazo. Bandika karatasi mlangoni: “Tunajenga faharasa ya nne kati ya saba.” Tukiisoma tutajua kama tupande gari turudi nyumbani, au twende kwanza Mbuyuni tukanunue dagaa.