Kuijaribu Ndiyo Kuitumia

Nchi hii ya Tanzania siku hizi kila kitu kinahakikiwa. Chupa ya soda ina stempu ya mamlaka ya mapato, TRA, unaielekezea simu inakuambia kama imetoka kiwandani au uani kwa mtu. Simu yenyewe unabonyeza *#06#, unatuma ile namba ndefu kwenda 15090, unajibiwa kama ni orijino. Waliopuuza walikiona cha moto Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki usiku wa manane na watu wakaamka na tochi mkononi. Ukihofia kuna mjanja amesajili laini kwa kitambulisho chako cha NIDA, unapiga *106# unaonyeshwa.

Sasa niambieni: kwa nini nikitaka kununua namba ya leseni ya Windows, kitu kisicho na chupa wala laini wala kizibo, hakuna pa kuuliza kama ni halali na kama hakuna aliyenitangulia kuitumia?

Aliyeniingiza kwenye kadhia hii ni shemeji yangu, mwenye stationari Mbagala. Kanunua kompyuta ya mtumba, nzuri, nyepesi, ila kule chini kulia mwa skrini kuna maandishi ya kijivu yanayomkumbusha kuamilisha Windows. Hayafutiki. Kila mteja anayekuja kuchapiwa barua ya kuomba kazi anayasoma kwa sauti, kisha anamtazama shemeji kwa jicho la huruma. Bei halali ya toleo la Pro kwao Marekani ni dola 199, yaani kama nusu milioni ya madafu. Shemeji akapata ya elfu thelathini kwa kijana mmoja wa mjini, aliyemwapia: "Orijino, haijatumika, leseni ya maisha."

Maisha ya nani, hakuuliza.

Nilipoletewa namba niitazame, nilianza na macho, maana macho ni bure. Namba hizi zina herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano tano. Hazina irabu hata moja, na hazina sifuri wala moja, ili mtu asichanganye sifuri na O au moja na I. Kwa hiyo ukiuziwa namba yenye sifuri, usihangaike na kompyuta, hangaika na muuzaji. Ya shemeji ilikuwa safi. Ilianza na W269N, na hapo ndipo nilipokaa kitako, maana namba hiyo kila fundi anaijua. Microsoft wenyewe wameitangaza bure, kwa ajili ya kompyuta za mashirika makubwa zinazoamilishwa na seva ya ndani ya shirika. Kijana alikuwa ameuza tangazo.

"Lakini shem, mbona maandishi yalipotea?" shemeji akalalamika.

Yalipotea kweli, maana kijana alikuwa ameiunganisha kompyuta na seva ya namna hiyo. Tukaandika amri iitwayo slmgr /xpr, kikaibuka kidirisha kidogo kikitaja tarehe ya mwisho. Uamilishaji wa aina ile hudumu siku 180, na usipohuishwa na seva, maandishi ya kijivu yanarudi kazini. Hayo ndiyo maisha aliyouziwa.

Zamani walau udanganyifu ulikuwa wa wazi. Windows 95 ilikuwa haiulizi mtu popote. Kikubwa ilichofanya ni kujumlisha tarakimu saba za mwisho za namba yako na kuona kama jumla inagawanyika kwa saba. Ukiandika moja mara saba, jumla ni saba, karibu ndani. Ilipofika XP, mwaka 2001, wakaleta utaratibu wa kompyuta kuuliza makao makuu kwanza. Wajanja nao hawakulala: namba ya mashirika, iliyoanza na FCKGW, ilivuja hata kabla XP haijaingia sokoni, na ilizunguka dunia nzima hadi ilipokuja kupigwa marufuku.

Tangu hapo namba inaweza kuwa na sura sahihi na isiwe halali. Inaweza kuwa halali na isiwe yako. Kuna iliyokuja na kompyuta toka kiwandani, ikafungwa na ubao wake wa ndani. Ukiitoa ukaipeleka kwingine, umetoa jino umeacha mdomo. Kuna ya shirika, yenye idadi maalumu ya kompyuta inazoweza kuamilisha. Mtu wa kompyuta wa shirika hilo akiwa na njaa, anaiuza kipande kwa kipande kwa watu wasiojuana, na kila mmoja anaapiwa kwamba ni yake peke yake. Siku idadi ikiisha unaandikiwa 0xC004C020. Siku makao makuu wakiifungia unaandikiwa 0xC004C003. Muuzaji wako ukimpelekea, anasoma zile sifuri kwa makini, anakuambia hiyo ni virusi.

Kabla ya kununua nyingine, tukatafuta wahakiki mtandaoni. Wapo, tena wachangamfu: "Weka namba yako hapa tukuambie kama haijatumika!" Hebu tafakari, msomaji. Tuseme nina namba ambayo thamani yake yote ni kwamba mtu mwingine hana. Mhakiki ananiambia nimpe, ili anihakikishie kwamba mtu mwingine hana. Shemeji alishapeleka kidole kwenye kibodi, nilimshika mkono.

Ukweli ni kwamba anayejua ni mmoja tu, seva ya mwenye programu, na wewe, mnunuzi wa kawaida, hakujibu mpaka umpe namba uiamilishe. Akikuambia "ndiyo, ilikuwa haijatumika", wakati huohuo ameshaiandika kwamba imetumika, na wewe ndiye uliyeitumia. Ni kama kutaka kujua njiti ya kiberiti kama ni nzima: unaiwasha, inawaka, unafurahi, huna njiti. Uipeleke dukani useme nimeshaihakiki, nirudishie hela, nimebadili mawazo? Watakuitia mgambo.

Mpwa wangu aliyesomea mambo haya alinieleza kwa nini hawaweki huduma ya kuuliza bila kutumia. Eti ingekuwepo, wezi wangeiwekea mashine ikabuni namba usiku kucha, ikiuliza "hii je? na hii je?", mpaka ipate zilizo nzima. Nimeielewa sababu. Sijaikubali. Kwenye *106# mbona sioni laini za jirani?

Basi tukaenda Kariakoo, duka lenye kaunta ya kioo na feni inayofanya kazi, ambako namba ilikuwa laki mbili na nusu. Niliweka sharti: tunalipa baada ya kuona kwa macho kwamba imeamilishwa. Muuzaji, kijana mtaratibu, naye akaweka lake.

"Mzee, nikiiamilisha kwenye mashine yenu halafu mkasema ghali, mimi nitaitoa vipi?"

"Basi tuonyeshe kwanza tuikague."

"Mkishaiona mmeshaondoka nayo. Mtu anapiga picha kwa simu, anarudi kwao anaiandika."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana alikuwa na haki. Mimi namwona yeye mwizi, yeye ananiona mimi mwizi, na wote wawili tuna sababu za msingi.

Tukafika muafaka. Kijana aligeuza kompyuta ya shemeji upande wake, akafunika kibodi kwa kiganja cha kushoto, akaandika kwa kidole kimoja cha kulia huku akinichungulia. Akaandika zote, akabakiza herufi ya mwisho. Shemeji naye alikuwa ameweka Lipa Namba, akaweka kiasi, akabakiza namba ya siri.

"Weka namba ya siri."

"Weka herufi."

"Anza wewe, mzee wangu, mimi duka langu lipo hapa sikimbii."

"Na sisi kompyuta yetu iko mikononi mwako, tutakimbilia wapi?"

Nyuma yetu wateja wakaanza kupanga foleni. Mama mmoja aliyekuja kununua wino wa printa alichoka, akasema kwa ukali: "Nahesabu mimi. Moja, mbili, tatu!" Wakabonyeza. Kimya. Feni ikazunguka. Simu ya kijana ikalia ujumbe, na kwenye skrini ikatokea kwamba Windows imeamilishwa. Niliandika slmgr /xpr kwa mkono wangu mwenyewe. Safari hii hakukuwa na tarehe, kilisema mashine imeamilishwa moja kwa moja. Shemeji akapumua. Mama wa wino akatusukuma pembeni.

Mimi bado nilikuwa na neno moja, kwa sababu siku makao makuu wakiifungia namba hii, nitahitaji cha kumshika nacho mtu.

"Risiti ya EFD, bwana mdogo."

"Mashine ya risiti haina mtandao, mzee."

Mtandao uleule uliotoka kuamilisha Windows mbele ya macho yetu sote!

"Basi ifute namba yako, nasi uturudishie hela yetu."

Kijana akanitazama kwa upole, kama muuguzi. "Mzee, hiyo hairudi. Imeshatumika."