Mhadhara Adhimu Juu ya Makosa ya Nyungunyungu

Wenye ploti, wapangaji, na akina mama mnaolima sukuma wiki kando ya mtaro: zimeni simu. Anayesimama mbele yenu ni Daktari wa Udongo, cheo nilichojipa mwenyewe nilipoona wengine wanachelewa kunipa.

Leo namshtaki nyungunyungu. Hana macho, hana masikio, hana hata mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi yenyewe lazima iwe na unyevunyevu. Kiumbe wa namna hiyo dawa ya kunyunyizia mimea ikimpenya mwili mzima, kosa ni la nani? Nyumbani kwa Charles Darwin minyoo hawa walipigiwa piano, wakatulia tuli. Na bado mwaka 1881 akawaandikia kitabu kizima, eti ndio wanaopindua ardhi. Wanalima bila jembe wala kibali cha kaunti!

Tazameni kahawa iliyoupa mtaa huu jina kabla fleti hazijaota. Ugonjwa wa kuozesha buni ulijitokeza Kenya mwaka 1922, na baadaye mibuni ikaogeshwa dawa za shaba msimu baada ya msimu. Shaba ina adabu: haiozi, inajilimbikiza udongoni hadi nyungunyungu ahame au afe. Kisha watafiti wa hapo Ruiru wakatuharibia mwaka 1985, wakatoa Ruiru 11, mbuni unaostahimili ugonjwa huo na kutu ya majani pia. Nani sasa atanunua dawa? Hawakunishirikisha.

Mnasema dawa hupimwa kwanza. Naam! Kipimo kimoja cha kimataifa, cha mwaka 1984, humweka mnyoo siku 14 kwenye udongo wa kutengenezwa, kisha maiti huhesabiwa. Aliyepoteza hamu ya kuzaa, mradi bado anajinyonganyonga, ni mzima. Kwa kipimo hicho hata mimi nimefaulu.

Mama pale nyuma anauliza mbona shamba lake limekuwa gumu na mvua ya Aprili inasimama juu. Mama, vishimo vya nyungunyungu vilikuwa vinakuibia maji. Sasa unayaona yote, na ni yako.

Mkitoka, mlangoni kuna magunia ya samadi ya nyungunyungu. Nawafuga mwenyewe nyuma ya nyumba, mahali pasipoguswa na tone la dawa. Mtaihitaji sana. Lipeni kwa M-Pesa, mkopo sina.