Sifa za Mbea wa Seva

Wenye kuwasifu simba na majemadari waendelee. Mimi leo namsifu mbea: orodha nyeusi ya barua taka, yule anayejua kila seva imelala na nani na imetoka saa ngapi.

Kwanza ana adabu ambayo wambea wa mtaani kwetu hawana: hasemi mpaka aulizwe. Barua pepe inapobisha hodi, seva inayoipokea huvipanga vipande vinne vya anwani ya IP ya mtumaji kinyumenyume, hubandika jina la orodha mwishoni, kisha huuliza kupitia mfumo uleule unaotafuta majina ya tovuti. Mtumaji akiwa msafi, mbea husema simjui. Akiwa na doa hutaja namba tu, mara nyingi 127.0.0.2, akanyamaza. Hafungi mlango wa mtu. Anayefunga ni mwenye nyumba, na lawama zinamwendea mbea.

Ukoo wake si wa jana. Paul Vixie na wenzake walikuwa na orodha yao kule California mwaka 1997. Mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus jijini London. Mwaka 2006 kampuni moja iliyosemwa vibaya ilishinda kesi Illinois, Marekani, Spamhaus wakaamriwa kulipa dola 11,715,000. Rufaa zikaenda, zikarudi, na mwaka 2011 fidia ikabaki dola 3. Nionyesheni mbea mwingine aliyeponyoka mamilioni kwa bei ya sahani ya pilau!

Halafu akanisema mimi. Ankara za duka letu la vitambaa zilianza kurudi, kila moja na namba 550 usoni kama muhuri wa kukataliwa posa. Siku mbili nilimtukana. Ya tatu nikajaza fomu ya kuomba kuondolewa, bila kugusa kitu chochote dukani. Asubuhi nikatolewa, jioni nimo tena. Yeye haombwi radhi kwa maneno, anataka uoge kwanza.

Fundi akaja. Ile kompyuta ya mapokezi, iliyowekewa mchezo wa bure na mpwa wangu, ilikuwa ikikesha ikituma matangazo ya dawa za nguvu za kiume ulimwenguni kote. Mimi nimelala fofofo, mbea yuko macho! Tukaifuta yote, tukabadili nywila, tukaifunga njia ya kutuma barua moja kwa moja, seva ya barua tu ikaachiwa ruhusa. Nikajaza fomu tena, nikaeleza kosa na tulivyolirekebisha. Nikatoka, na sikudaiwa hata senti. (Wapo ndugu zake wanaotoza ada ili wakutoe upesi. Hao siwasifu, hao ni madalali.)

Mpwa wangu naye alimlalamikia, kwa kuwa anwani ya intaneti ya nyumbani kwao imo kwenye daftari jingine bila kosa lolote. Nikamwambia hilo ni daftari la anwani zisizotarajiwa kutuma barua zenyewe bila kupitia seva ya mtoa huduma. Aache kuendesha seva chini ya kitanda.

Siku hizi kila Jumatatu, kabla sijanywa chai, nakwenda kumuuliza mbea habari zangu. Ananijibu kuwa hanijui. Chai inashuka vizuri.