Mulembe, Matisi

Sisi wa Matisi, mtaa wa Kitale, hatumalizi sentensi, wala hatuoni sababu. Ukiwa mjini Kitale, mwambie mtu wa bodaboda, "Nipeleke pale kanisani." Makanisa tunayo tele, lakini atakushusha mlangoni pa lako. Mwambie mama wa mahindi, "Pima kama kawaida," naye atajaza gorogoro, kisha ataweka juu yake kilima kisichojulikana na kipimo chochote cha serikali.

Ndipo mpwa wangu akaingia na kompyuta.

Likizo ilikuwa imemfundisha Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na za upili mwaka 2022. Hivyo kijana aliona ni wajibu wake kwa taifa kuanza na daftari la chama chetu cha Jumapili.

Mwanafunzi wa programu huanza kwa kuiagiza mashine iusalimu ulimwengu, desturi iliyoenezwa na kitabu cha Kernighan na Ritchie cha mwaka 1978. Mpwa wangu akaona ulimwengu ni mkubwa mno, akaandika print("Mulembe Matisi" na kungoja. Mashine ikatoa maandishi mekundu: mabano hayajafungwa. Kwetu salamu ya mulembe huitikiwa hata ikitoka kwa mlevi aliye mtaroni. Hii ilinyimwa jibu kwa sababu ya kialama kimoja.

Kigeu hakikuwapa wanachama taabu. Unachagua jina, tuseme deni, unaliwekea thamani. Leo 200, kesho 350, jina ni lilelile. Waliitikia kwa vichwa kama watu walioishi na jambo hilo miaka mingi.

Balaa lilianza kwa mama wa viazi. Alikuwa na deni la shilingi 200, akaongeza mkopo wa 50. Kijana akaandika zote mbili kwenye kibodi, akaamuru zijumlishwe. Kioo kikasema: 20050.

"Elfu ishirini na hamsini?" mama akasimama. "Kijana, ulinikopesha nikiwa wapi?"

Mweka hazina, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akisaka pesa za viti na hema, alitangaza kwa utulivu kwamba kompyuta haikosei.

"Khocha," mpwa wangu akaninong'oneza, yaani mjomba, "imezichukua kama maandishi."

Naam. Chochote unachoingiza kwa amri ya input, Python hukihesabu kuwa maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Maandishi yakijumlishwa huwekwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo 200 na 50 zikashikana mikono. Ni lazima uiambie wazi, kwa neno int, kwamba hizi ni nambari kamili. Mtoto wa chekechea angejua bila kuambiwa, lakini mtoto wa chekechea hulala saa sita mchana.

Deni likarekebishwa, mama akaketi, ingawa alikigeuza kiti chake kisiitazame mashine. Hapo ilifaa tunywe chai. Kijana akaona aonyeshe kitanzi: maadamu deni ni kubwa kuliko sifuri, andika "Lipa deni lako." Ndani ya kitanzi hakukuwa na mstari wowote wa kulipunguza hilo deni. Mashine ikadai. Ikadai tena. Maneno yakatiririka kiooni bila kituo, mama wa viazi akihesabu kila mstari kuwa tusi lake binafsi. Hata stima ilipopotea hatukupata nafuu, kwani betri ilikuwa imejaa. Hatimaye kijana akabonyeza Ctrl na C kwa pamoja, madai yakakoma.

Chama kilipiga kura: daftari libaki, kompyuta iruhusiwe kukaa kando yake kwa majaribio.

Nawe unayeanza, weka int kabla ya input, na kila kitanzi kipe njia ya kutokea. Halafu jaribu hesabu zako kwa deni la mtu asiyehudhuria mkutano.